Damu ya Mjomba

Jumatatu, 15 Juni 1998

Swabir ameamka bila homa. Nimemgusa paji, nimemgusa nyayo, nimemgusa paji tena, mpaka akaniomba nimwache alale. Alhamdulillahi. Tangu ile mvua kubwa ya mwaka jana mbu hawajaondoka hapa Msambweni, na homa inamtembelea mwanangu kama jamaa asiyebisha hodi. Ni huyu mmoja tu niliye naye. Miaka saba, shingo nyembamba, maneno mengi.

Leo watu wa mradi wamekuja zahanati na dawa mpya ya malaria. Daktari Elkanah, yule mrefu wa bara, na muuguzi Veronicah. Walitukalisha kina mama kwenye mabenchi. Dawa ni nzuri, walisema, lakini si ya kila mtu. Kwanza mtoto atolewe tone la damu kidoleni. Kipimo cha urithi.

Hapo nikaacha kumenya chungwa.

Veronicah akaeleza. Wanatafuta kile mtoto alichorithi. Kinatoka upande wa mama. Mwana wa kiume hakipati kwa baba yake. Kinawapata zaidi wavulana, wasichana mara nyingi huwa na nusu.

Masomo ya ngumbaru sikuyamaliza, lakini nusu ya msichana naijua. Hiyo ni hesabu ya kadhi. Habari hii ni ya mirathi.

Na huo upande wa mama ndio ulionikata maini. Zamani kwetu sisi Wadigo, mwanamume akifa mali yake haikwenda kwa wanawe. Ilikwenda kwa wana wa dada yake. Urithi wa kukeni. Wazee waliugombania mpaka wakachoka, na sasa tunafuata sheria ya dini, mtoto anapata kwa baba yake. Leo serikali inataka kuturudisha kukeni, tena kwa kutudunga vidole.

Mume wangu Chande ana minazi aliyoachiwa na baba yake. Dada yake ni Twaiba, wifi yangu, nyumba ya pili kutoka hapa. Twaiba ana mwana, Salimu, rika moja na Swabir. Anayetaka kujumlisha na ajumlishe.

Nilimwuliza Veronicah, kwa upole kabisa, mtoto asipopimwa anapoteza nini. Akasema anapoteza nafasi ya dawa mpya. Wamejua pa kutushika.

Mwalimu wa ngumbaru alisema mwenye kuandika hasahau herufi. Basi naandika, na shauri nimekwisha kulipata. Nitaanza na Twaiba, nimpeleleze bila yeye kujua.


Jumatano, 17 Juni 1998

Nilikwenda kwa Twaiba kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Yangu nimeificha chini ya kitanda ili nisiwe mwongo kamili.

Twaiba alikuwa anasuka ukili. Nikamwuliza habari za mkeka, habari za mgongo wake, habari za mabinti zake waliozaa Tiwi, halafu kama mtu aliyekumbuka tu, nikamwuliza kama amesikia kipimo cha zahanati. Akasema Salimu anakwenda Jumamosi, tena amekwisha andikisha jina. Nikamwuliza haraka ya nini. Akasema kila anayepimwa anapewa chandarua.

Chandarua. Samaki gani aliyewahi kuandikisha jina ili ale chambo.

Kisha akaniambia, na ukili mdomoni, nimpeleke Swabir pia, ingawa yule hahitaji kupimwa. "Mtoto yule ni Shutu mtupu, wifi Mbeyu. Mpaka anavyotembea kama anakanyaga mayai."

Shutu ni kaka yangu, anaishi Kikoneni. Ni kweli Swabir ana masikio yake. Ana mwendo wake. Akilala anafungua mdomo kama yeye. Nimerudi nyumbani nimemtazama mwanangu upya. Daktari akimtia macho tu atasema huyu ni wa kukeni mzima, kwa Chande hakuchukua hata ukucha. Na minazi itavuka ua kwenda kwa Salimu.

Lakini damu hutengenezwa na chakula. Hilo Veronicah mwenyewe alilisema mwaka jana, alipotuhimiza mchicha. Na chakula cha Chande ni pweza. Kwao wote wamekula pweza mpaka wakafanana naye vichwani. Basi kuanzia leo Swabir anakula pweza wa nazi, asubuhi na jioni, na analala amevaa shati la baba yake la kazini.

Amekula bakuli la kwanza vizuri. La pili aliuliza kama amefanya kosa.


Jumamosi, 20 Juni 1998

Siku mbaya.

Tulifika mapema. Swabir kanuka pweza njia nzima. Daktari Elkanah alipomwinamia amtazame macho, mtoto akacheua, na daktari akarudi nyuma hatua kubwa. Nilifurahi. Nilisema moyoni, hiyo harufu ni ya kuumeni, andika.

Wakamdunga kidole. Tone likatiwa dawa, likawekwa juu ya karatasi, karatasi ikaingizwa nyuma ya pazia jeusi chini ya taa ya rangi ya zambarau. Veronicah alituruhusu tuchungulie. Tone la Salimu lilikuwa limetangulia, linang'aa kama jicho la paka. La Swabir lilikaa pale jeusi. Nilisubiri. Nilikohoa kidogo, labda likisikia sauti yangu litashtuka. Wapi.

Daktari Elkanah akatoka akanipa mkono. "Hongera, mama. Huyu hana."

Hana, zahanati, ni neno tamu. Hana malaria. Hana kifua kikuu. Nikasema alhamdulillahi, nikaupokea mkono wake. Veronicah akakohoa, kikohozi kile cha kuambiana kitu. Daktari akageuza karatasi ya maelezo, akaisoma kwa kidole. Uso ukambadilika. Akanipa mkono mara ya pili.

"Pole, mama. Hana."

Kwanza hongera, kisha pole, kwa neno lile lile. Nikamwuliza hana nini. Akasema kuna kitu cha kulinda damu, ni cha urithi, Salimu anacho, Swabir hana. Nikamwomba arudie. Akarudia. Urithi, Salimu anacho, Swabir hana.

Aliendelea kueleza lakini masikio yangu yalikuwa yamekwisha funga duka. Nilisikia tu kwamba Swabir hatapewa dawa mpya, atapewa ile ya zamani chungu. Mtoto wangu apewe makombo.

Halafu wakawavisha bangili za plastiki, kama zile wanazovaa wazungu kwenye mahoteli ya Diani, ili mtoto akija na homa daktari atazame mkono tu, asipoteze muda kupekua. Salimu buluu. Swabir manjano.

Chandarua tumepewa sote. Twaiba alikunja chake vizuri sana. Aliniambia pole. Pole yake nimeiweka akiba.


Jumapili, 21 Juni 1998

Chande amekuja nyumbani. Yeye ni mtunza bustani wa hoteli moja kule Diani, analala huko huko, na mwezi huu wa Kombe la Dunia hata siku yake ya mapumziko inamtoka kwa shida, kwa kuwa wafanyakazi wana televisheni.

Nilimwuliza kwa mzunguko. Hawa wageni wenye bangili, kwani rangi zinasema nini. Akasema kwao, mwenye bangili ya buluu anakula na kunywa kila kitu tangu asubuhi mpaka achoke, hakuna anayemwuliza. Na mwenye manjano. Akasema mwenye manjano analala na kupata chai ya asubuhi, vingine vyote anatazama.

Nilikwenda uani nikakaa na kuku.

Baadaye nikamwuliza, akifa yeye minazi itakuwa ya nani. Akasema, "Kwani nimekufa?" Nikasema hapana, nauliza tu. Akaniangalia sana, akauliza kwa nini nyumba nzima inanuka pweza, akalala.

Jioni Twaiba amepita kuniambia mdogo wa mume wake anaoza binti huko Tiwi. Yeye anakwenda kusaidia jikoni na hatarudi mpaka Jumapili ijayo. Akaniomba nikae na Salimu. Alisema hana mtu mwingine anayemwamini na mtoto.

Nimesema inshallah, karibu sana. Nimesema haraka kidogo kuliko ilivyofaa.


Jumanne, 23 Juni 1998

Leo nimewaogesha watoto wote wawili kwenye karai kubwa. Maji ya vuguvugu, sabuni nyingi, kisha mafuta ya nazi kwenye vifundo vya mikono. Bangili zile wanasema hazivuki mkono mpaka zikatwe. Labda mikono ya wazungu. Mkono wa mtoto wa Kidigo uliopakwa mafuta unapita hata tundu la kufuli.

Nilidhani kazi itakuwa kuwashawishi. Nilitayarisha mahamri kabisa. Kumbe Salimu aliitamani bangili ya manjano tangu Jumamosi, kwa sababu ni rangi ya Brazili. Alinyosha mkono mwenyewe. Aliyelia ni Swabir. Alisema mimi ndiye Brazili, mama, buluu ni ya Waitaliano. Nikamwambia buluu inakula kila kitu. Akauliza hata pweza. Nikasema pweza basi, tumemaliza. Akakubali.

Salimu ameahidi hatasema, maana akisema atanyang'anywa Ubrazili wake.

Nimewatazama wakicheza uwanjani. Mkono wa mwanangu una buluu na jua linaupiga. Nimeona minazi yote imesimama vizuri. Hata ule uliokatwa kichwa na radi.

Chakula cha leo nimempa Salimu paja la kuku. Swabir kapata shingo, hakuuliza. Salimu ni mtoto mzuri. Hana kosa lolote yule.


Jumamosi, 27 Juni 1998

Leo herufi zinapanda kilima. Nitaandika polepole.

Jana alasiri Swabir alisema miguu inamuuma. Magharibi mwili ulikuwa moto. Usiku kucha nilimkanda kwa maji, na alfajiri nikamwacha Salimu kwa jirani nikambeba mwanangu mgongoni mpaka zahanati, miaka saba yake yote, miguu inaning'inia. Njiani nilijiambia afadhali nilifanya nilivyofanya. Sasa atapewa dawa mpya kama watoto wa watu.

Daktari Elkanah akamdunga kidole, akachungulia, akasema ni malaria. Akautazama mkono. Buluu. Akamwambia Veronicah amtayarishie mpya. Hakuwa na sababu ya kupekua. Bangili ziliwekwa ili asipekue. Veronicah akasaga kidonge, akakitia kwenye kijiko na maji.

Karibu yetu alikuwapo baba mmoja, mtoto wake amevaa manjano, analalamika. Kwa nini wake ananyimwa dawa nzuri, kwani amekosea wapi. Daktari akavuta kiti akakaa mbele yake. Akasema hanyimwi, analindwa. Damu ya watoto hawa wa manjano haina ile kinga, na dawa hii ikiingia inaivunja damu. Macho yanageuka rangi ya manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi iliyolala, mtoto anakosa pumzi, na wengine hufa. Akasema ni kitu cha kuzaliwa nacho, mama humpa mwanawe bila kujua. "Ukitaka kuthibitisha, mzee, muulize mkeo habari za kaka zake."

Kijiko kilikuwa mbele ya mdomo wa Swabir.

Shutu. Mwaka ule alipokwenda Kinango kuchunga ng'ombe wa watu. Alipewa vidonge huko vya homa, akaletwa nyumbani macho kama manjano ya mchuzi, na mkojo wake mama yetu aliumwaga nyuma ya nyumba ili majirani wasiuone. Tukasema amerogwa kwa sababu ya ng'ombe. Tulichinja mbuzi. Kwa muda mrefu alikuwa hawezi kutembea kutoka kitandani mpaka mlangoni.

Nikamwambia Veronicah anipe kijiko nimnyweshe mwenyewe, mtoto amezoea mkono wangu. Akanipa. Nikageukia dirishani.

Nikanywa mimi.

Ni chungu ile dawa, inashika koo. Nilikuwa nafuta mdomo na ncha ya leso, naona nimemaliza kazi vizuri kabisa, ndipo Swabir, na homa yake, akasema kwa sauti ya kusomea Kurani: "Mama, mbona umekunywa dawa yangu?"

Zahanati nzima ikageuka.

Nikasema nilikuwa naonja kama ina sukari. Daktari Elkanah akasema haidhuru, atatayarisha nyingine. Akaitayarisha. Safari hii akashika kijiko yeye mwenyewe, na kwa mkono wa pili akakishika kidevu cha mwanangu, kwa upole, kama mtu mwema, na mwanangu akafungua mdomo kwa sababu nimemfundisha kuwatii watu wazima.

Nikasema, "Daktari, bangili si yake."

Hakuelewa. Nikasema tena. Nikasema yake ni manjano, iko kwa Salimu, mafuta ya nazi.

Veronicah alikaa chini, wala nyuma yake hapakuwa na kiti, alikaa juu ya sanduku la vyandarua. Daktari alikiweka kijiko mezani taratibu sana. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama Swabir, saa hii tungemuua, mimi na wewe."

Nililia. Swabir naye akalia kwa kuniona. Wakampa ile ya zamani chungu, akaimeza akiwa bado analia, na sikuwahi kuona makombo matamu vile.

Kisha daktari akakumbuka kwamba dawa mpya nimeinywa mimi. Akauliza kama nina kaka aliyewahi kuugua kwa dawa. Nikamweleza habari za Kinango, na za mbuzi. Akanitoa damu papo hapo. Chini ya taa, yangu iling'aa kidogo tu, kama kandili inayomaliza mafuta. Alisema mimi nina nusu. Kijiko kimoja labda kisinidhuru, lakini hataki labda. Nimekaa kwenye benchi mpaka alasiri, nakojoa kwenye chupa, Veronicah anainyanyua kwenye mwanga mbele ya watu na kusema safi. Wanawake wa Msambweni wote wameuona mkojo wangu na wameusifu.

Katika kungoja, daktari aliniuliza sababu. Nikamwambia urithi. Akasema ndiyo, urithi, lakini kwa nini. Nikamwambia minazi. Akauliza minazi gani. Basi nikaanza mwanzo: kukeni, kuumeni, wana wa dada, kadhi, Twaiba, na pweza nilimtaja pia. Alisikiliza mpaka mwisho, miwani mkononi. Akasema walipofundishwa Mombasa walipewa hilo neno, na hakuna aliyewaambia kwamba huku kwetu lina minazi ndani yake. Akasema yeye mwenyewe bado "hana" na "anacho" vinampiga chenga, ndiyo maana alinipa hongera. Akamwambia Veronicah watafute neno jingine. Na bangili nyingine.

Nimemwita Salimu na kumvua manjano. Amelia kwa ajili ya Brazili.


Jumapili, 28 Juni 1998

Homa ya Swabir imeshuka. Ameomba wali. Nimekwenda tena zahanati na chupa. Safi.

Twaiba amerudi kutoka Tiwi na hina mkononi. Nilitaka nimweleze mwenyewe nikiwa nimekaa vizuri, na kahawa. Lakini alipita zahanati njiani kuchukua dawa ya mgongo, na huko habari yangu ndiyo inayopunguza urefu wa foleni.

Alisimama mlangoni. Nikasema karibu. Akasema hapo hapo alipo panamtosha.

"Wifi Mbeyu. Mimi nimekuachia mwanangu, wewe ukamvua afya ukamvisha ugonjwa."

Nikasema nilimpa paja la kuku. Nilisema kwa sababu ndilo lililokuja.

Akasema mwanawe angeugua angenyimwa dawa nzuri kwa ajili ya bangili ya uongo. Akasema na mwanangu je, nilikuwa namvalisha minazi au namvalisha sanda. Hapo machozi yalikuja, na yeye akaingia ndani, kwa sababu Twaiba hawezi kusimama mlangoni mtu akilia. Alikaa. Alimshika Swabir paji, akamshika nyayo.

Kisha akauliza kama ni kweli nilimlisha mtoto pweza mpaka akamcheulia daktari. Nikasema ni kweli. Mabega yakaanza kumtikisika. Akasema ile minazi ya kaka yake hata kima wanaipita wakienda kwa jirani, mmoja hauna kichwa na mingine inazaa nazi kama vidole vya mgonjwa. Kama naitaka aniletee shoka.

Amenisamehe, lakini si bure. Kila Ijumaa mpaka achoke, Salimu atakula kwangu, na shingo ya kuku itakuwa yangu mimi. Nimekubali. Ni mwanamke mwema, Twaiba. Nilikuwa namwonea.


Jumatano, 1 Julai 1998

Swabir mzima. Amekimbia tangu asubuhi, nimemkataza mara nyingi kwa furaha. Mkojo wake safi, wangu safi.

Leo Veronicah alifanya mkutano mwingine wa kina mama. Neno la urithi hakulitaja hata mara moja. Sasa wanasema damu ya kuzaliwa nayo. Akaniomba nisimame nishuhudie, nami nikasimama. Nimewaambia wanawake wenzangu waziwazi: kipimo hiki hakihusu mali, hakihusu minazi, hakihusu kadhi. Mtoto wa manjano asipewe dawa mpya, na mama yake asiguse bangili. Nikawaeleza mkojo kama chai ya rangi. Walinisikiliza. Daktari Elkanah alipiga makofi, akasema mama huyu ameelewa kuliko madaktari wengine. Nilikaa chini nikiwa mtu.

Swabir amevishwa manjano mpya. Hizi zina kishikizo cha chuma, mafuta hayafui dafu. Amefurahi, amerudi kuwa Brazili.

Jioni hii nimekaa mlangoni, na maneno ya daktari yananirudia. Alisema damu hii ilitoka kwa mama yangu, ikanijia mimi, ikamwendea Shutu, kutoka kwangu ikamwendea Swabir. Damu moja. Alisema mtoto huyu na mjomba wake ni kitu kimoja, kwa kipimo cha hospitali, chini ya taa. Hayo si maneno ya Twaiba na ukili wake. Ni ya daktari.

Sasa, Shutu ana mikorosho Kikoneni. Mingi, inazaa, wala haijaona radi. Mke hajamzalia. Wazee wa zamani waliposema mali ya mwanamume iende kwa mwana wa dada yake, sisi tukawaona washamba, kumbe walikuwa wameiona damu bila taa. Mila ya kukeni ina hekima yake, ukiitazama kwa utulivu. Na ushahidi uko mkononi mwa mtoto, wa serikali, una kishikizo cha chuma.

Kesho alfajiri tunakwenda kumjulia hali mjomba. Swabir nimemwogesha. Shati nimemchagulia la mikono mifupi.